Nasma Alikuwa Bado Mwanafunzi

*Wasifu wa marehemu Nasma Issa Likungu (2001–2025). Umeandikwa na dada yake, Mwanahija, na umesomwa nyumbani kwao Likawage siku ya arobaini, Jumamosi tarehe 18 Oktoba 2025.*

Bismillahi.

Jumanne tarehe 9 Septemba 2025, saa nne na nusu asubuhi, nilikuwa dukani kwangu Mtanda, Lindi mjini, nampimia mteja sukari. Simu iliyoita ilikuwa ya baba mdogo Abdulatifu. Aliniambia, "Mwanahija, kaa chini." Nikamwambia nimekaa, na nilikuwa nimesimama. Akasema, "Nasma amefariki. Tuko njiani, Nangurukuru hatujafika. Amefariki mikononi mwa mama yenu." Nilisema Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun, nikaiweka simu juu ya mizani pamoja na sukari ya watu.

Mteja yule ni mama wa heshima, tunafahamiana miaka mingi. Alinishika bega, akanipa pole. Kisha akauliza, "Nasma yule daktari wenu?" Nikasema ndiye. "Aliumwa nini?" Nikasema tumbo. Akasema, "Sasa daktari mzima anakufaje kwa tumbo?"

Hakuwa na nia mbaya. Swali hilohilo nimeulizwa na watu wengi tangu siku ile, hata ndani ya uwanja huu, na kila aliyeuliza aliuliza kana kwamba marehemu ndiye aliyekosea. Siku ya mazishi hatukusoma wasifu, kwa sababu mimi niliyetakiwa kuuandika nilikuwa na hasira nyingi kuliko maneno. Leo ni arobaini. Hasira bado ninayo, ila maneno nimeyapata. Wasifu huu unalijibu swali lile. Baba na mama wameusoma kabla yenu, na wamesema usomwe wote.

Marehemu Nasma alizaliwa Jumatano tarehe 14 Machi 2001 hapa Likawage, Wilaya ya Kilwa, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto wanne wa Mzee Issa Suleiman Likungu na Bi. Binti Abdulrahmani, wakulima wa ufuta na korosho. Neno lake la kwanza lilikuwa "hapana". Alilisema hata alipopewa kitu alichokitaka. Bibi yetu alikuwa akimpa kipande cha muwa na kumwambia, "Sema hapana nikunyime," naye anasema hapana huku anakivuta. Mtoto aliyeanza hivyo ndiye aliyekuja kushindwa kulisema neno hilo akaeleweka.

Alianza darasa la kwanza mwaka 2008 katika shule ya msingi hapa kijijini, akamaliza darasa la saba mwaka 2014. Kurani aliihitimu akiwa na miaka kumi na mmoja. Alikuwa darasa la tatu wakati jirani yetu Mzee Khamisi alipokuja barazani na bahasha ya dawa, akamwomba amsomee. Mzee Khamisi amekaa pale kwenye mkeka wa mbele, na nimemwomba ruhusa ya kuieleza habari hii. Nasma alisoma huku anaburuza kidole, "Tone moja kila jicho, asubuhi na jioni."

Mzee Khamisi akauliza, "Kila jicho?"

"Ndiyo babu. Kila jicho."

"Mimi nainywa."

"Tangu lini, babu?"

"Tangu Jumatatu. Na macho yamepata nafuu."

"Babu, imeandikwa jicho."

"Basi kamwambie aliyeandika kwamba hata kwa kupitia tumboni inafika."

Tulicheka wiki nzima. Wiki iliyofuata wakaja watu wanne na bahasha zao. Alipofika darasa la tano, kila Jumamosi asubuhi baraza letu lilikuwa na watu, na mama alikuwa akiwatandikia mkeka. Hapo ndipo alipoanza kuitwa daktari. Mtoto wa miaka kumi na mmoja, anayesoma alichoandika mtu mwingine juu ya karatasi. Sote tulimwita hivyo, na mimi nilimwita. Nimeiandika habari hii ya kuchekesha kwa sababu ndiyo mwanzo wa msiba huu.

Yeye mwenyewe hakuutaka udaktari. Mwaka 2013 walikuja wapimaji kuweka mipaka ya msitu wa kijiji, na Nasma alitoroka shule siku mbili kuwafuata. Walikuwa na chombo cha miguu mitatu, na mmoja wao alimruhusu achungulie. Jioni ile alinipigia kwa simu ya baba, akaniambia, "Dada, mti ulioko kule mbali unauona hapa, na wao wanajua umbali wake bila kuufuata." Alisema atakuwa mpima ardhi. Alichapwa kwa utoro, na akiwa bado anajikuna alisema atakuwa mpima ardhi.

Alisoma sekondari ya kata kuanzia mwaka 2015, akamaliza kidato cha nne mwaka 2018 na kupata daraja la kwanza. Matokeo yalipotoka Januari 2019, baba aliwaalika wazee kwa kahawa na dua ya shukrani. Nilikuwepo. Baada ya dua baba mdogo Abdulatifu alisema, "Alhamdulillahi. Sasa daktari wetu anakwenda kuusomea udaktari rasmi."

Nasma alikuwa anazungusha vikombe. Alisema, "Baba mdogo, mimi nimejaza Fizikia, Jiografia na Hisabati. Nataka kupima ardhi."

Mzee Khamisi akamjibu, "Ardhi ipo tangu Nabii Adamu na haijalalamika kwamba haijapimwa. Goti langu linalalamika."

"Babu, goti lako nitalipima urefu."

Watu walicheka. Lakini baada ya kicheko kila mzee, mmoja baada ya mwingine, alimweleza kwa nini kijiji kinahitaji daktari. Hakuna hata mmoja aliyemuuliza kwa nini yeye anataka kupima ardhi. Alimaliza kugawa kahawa, akaenda uani, akakaa na masufuria mpaka wageni walipoondoka.

Miezi ile ya kusubiri kidato cha tano alikwenda kujitolea zahanati, akawa anamwandikia nesi Joyce kadi za kliniki ya watoto. Aliniambia anakwenda kule ili nyumbani asikutwe. Nesi Joyce, ambaye siku hizi amehamia Milola, alikuwa mwanamke wa maneno machache. Asubuhi moja ya mwezi Machi aliletewa mtoto wa miaka miwili anayepumua kwa shida. Alimpima, kisha akasema mbele ya foleni nzima, "Huyu simwezi. Sijui kinachomsumbua. Aende Kilwa leo, lile gari la mbao pale halijaondoka."

Mwanamke mmoja kwenye foleni alisema, "Nesi gani huyu, kila kitu hajui. Nasma wetu angejua."

Nesi Joyce akageuka. "Nasma, unajua?"

Nasma akasema, "Sijui."

"Basi tumekuwa wawili wasiojua. Mama, panda gari."

Mtoto yule alifika, akatibiwa, akapona. Leo yuko darasa la pili.

Mwezi uliofuata, muda wa kubadili tahasusi ulipofunguliwa, Nasma alikuja kwangu Mtanda ili apate mtandao. Tulikwenda pamoja kwenye duka la kompyuta mjini. Alhamisi tarehe 11 Aprili 2019, saa tano asubuhi, aliondoa Jiografia na Hisabati, akaweka Kemia na Baiolojia. Nilimuuliza kama wazee wamemshinda. Alisema, "Hapana. Wao wanataka mtu anayejua kila kitu, na mtu huyo hayupo. Mimi nimemwona mtu anayejua mahali ujuzi wake unapoishia, na mtoto amepona. Kazi hiyo naitaka." Kisha akaongeza, "Ila usiwaambie nyumbani, dada. Babu Khamisi atasema ni goti lake."

Nimeitaja siku na saa kwa sababu nataka ijulikane kwamba alichagua mwenyewe. Tumezoea kusema hapa kwamba kijiji kilimtoa daktari. Kijiji kilimtoa msomaji wa bahasha. Udaktari aliuchagua yeye, akiwa na miaka kumi na minane, kwa sababu yake mwenyewe ambayo sisi hatukutaka hata kuisikia.

Kidato cha tano na cha sita alisoma shule ya bweni ya wasichana, 2019 hadi 2021. Muhula wa kwanza alifeli Fizikia, akaniandikia barua ya mistari miwili: nimefeli, nitapita. Akapita. Mwaka 2021 alijiunga na chuo kikuu cha tiba Dar es Salaam kusomea shahada ya udaktari wa binadamu, masomo ya miaka mitano. Mpaka anafariki alikuwa amemaliza miaka minne.

Kuhusu kazi, hakuwahi kuajiriwa. Alikuwa amebakiza mwaka mmoja wa masomo na mwaka mwingine wa mafunzo kazini ndipo aruhusiwe kumtibu mtu peke yake. Aliyasema haya kila likizo. "Mimi bado mwanafunzi. Nendeni zahanati kwa tabibu Klementi, yeye ndiye aliyeruhusiwa." Watu walimjibu, "Unajishusha, daktari." Akimwelekeza mtu hospitali, mtu anaondoka amenuna na kusema Dar es Salaam imempa maringo. Koti lake jeupe la wodini alilificha chini ya begi kila alipokuja. Likizo moja mama alilikuta, akalifua, akalianika kwenye kamba inayoonekana barabarani. Kesho yake asubuhi walikuwepo watu kumi na mmoja. Nasma alitoka na mswaki mdomoni, akawaangalia, akaliangalia koti, akarudi ndani.

Mwaka jana alibandika karatasi mlangoni: "Hapa hapatibiwi mtu. Zahanati iko wazi kuanzia saa moja na nusu asubuhi." Ilikaa nusu siku. Mama aliibandua, akasema mgeni hafukuzwi kwa karatasi. Mama ameniambia niyaandike haya.

Kuhusu ndoa, marehemu hakuolewa. Mwezi Februari mwaka huu ililetwa barua ya posa kutoka Milola, ya mwalimu Ahmadi Iddi, ambaye yeye na Nasma walikuwa wamekwisha kuelewana. Kijana wa dini, mpole, yupo nasi hapa. Nasma alisema jibu liwe ndiyo, na ndoa iwe baada ya masomo. Jibu halikutoka mpaka Septemba. Halikutoka kwa sababu baadhi ya wazee wetu walisema akiolewa Milola atatibu watu wa Milola, na sisi tutakuwa tumesomesha daktari wa wenzetu. Kijana alisubiri miezi saba kwa sababu ya goti na vikohozi vyetu. Mwalimu Ahmadi, tunakuomba radhi mbele ya watu hawa wote.

Sasa nafika kwenye ugonjwa, na naomba msikilize tarehe.

Marehemu alifika likizo tarehe 23 Agosti akiwa mzima. Alhamisi tarehe 4 Septemba, jioni, alianza kuumwa tumbo kuzunguka kitovu. Ijumaa asubuhi maumivu yalishuka upande wa kulia, akatapika mara mbili, akapata homa. Alimwambia mama, na mama ameyakumbuka maneno yenyewe: "Mama, nadhani ni kidole tumbo. Hiki si cha vidonge, kinataka kupasuliwa. Nataka kwenda Kilwa."

Kwa hiyo wanaouliza daktari anakufaje kwa tumbo, hilo ndilo jibu la kwanza. Aliujua ugonjwa wake mapema, akautaja kwa jina, na akataja tiba yake.

Ilikuwa wiki ya Maulidi. Kijiji kilikuwa na wageni kutoka vijiji vya jirani, na waliposikia daktari yuko likizo walipitia kwetu kabla ya kurudi makwao. Mama alikuwa na masufuria ya shughuli motoni. Alimwambia, "Wamalize hawa watatu kwanza mwanangu, wametoka mbali. Na gari lenyewe ni la kesho." Nasma aliwamaliza watatu huku amejishika nyonga. Wakaja watano. Jumamosi alfajiri gari lilipita likaenda zake, na hakuna aliyekuwa amemwekea nafasi, kwa sababu jioni ya jana yake alionekana barazani anahudumia watu. Tulijiambia mgonjwa hahudumii watu.

Jumamosi saa tatu asubuhi alimtuma mdogo wetu Somoe amwite tabibu Klementi Ignasi wa zahanati. Tabibu alikuja mara moja. Alibonyeza tumbo, akaachia, akasimama. Alisema, "Aende leo. Kesho tutakuwa tumechelewa. Mkikosa gari, pikipiki. Mkikosa pikipiki, njooni kwangu." Akaandika barua ya rufaa, akaiweka mkononi mwa baba mdogo.

Alipotoka, baba mdogo alisema, "Huyu wa miaka mitatu ya chuo anamwamuru wa chuo kikuu? Daktari, wewe mwenyewe unasemaje?"

Nasma alisema, "Baba mdogo, leo mimi si daktari. Nipelekeni."

Baba mdogo alicheka kwa upendo, akamwambia, "Unyenyekevu huu utakufikisha mbali." Barua akaitia mfukoni mwa kanzu. Nilipomwomba ruhusa ya kuyaandika haya, baba mdogo alisema, "Yaandike, na jina langu liwepo."

Adhuhuri ya siku ile maumivu yalitulia ghafla. Nyumba nzima ilimshukuru Mungu. Tabibu Klementi amenieleza baadaye kwamba utulivu ule ndio ulikuwa mbaya, kidole kilikuwa kimepasuka ndani. Nasma naye alilijua hilo na aliwaambia. Wakamjibu, "Si unaona umejitibu?"

Saa kumi jioni alinipigia mimi. Alisema, "Dada, wapigie nyumbani uwaambie wanipeleke Kilwa. Mimi hawanisikii."

Nikamwambia, "Wewe ndiye daktari wa nyumba hii. Waamuru, nani atakukatalia?"

"Dada."

"Nakusikia."

"Basi."

Akakata. Nilidhani nimempa nguvu. Dukani kulikuwa na watu, nikaendelea kuuza, na baba sikumpigia. Msije mkafikiri nimesimama pembeni nawahukumu. Nimesimama katikati yenu.

Jumapili tumbo lilijaa likawa gumu kama ubao. Hapo ndipo baba alipotoka kutafuta gari, na pikipiki ilikuwa haikaliki tena. Alitafuta siku mbili, akapata pikapu ya mnunuzi wa ufuta ya kuondoka Jumanne. Jumatatu saa tatu asubuhi, mama yetu akiwa uani, mwanamke mmoja ambaye sitamtaja aliingia mpaka chumbani, akamlaza mtoto wake mwenye kikohozi ubavuni mwa Nasma. Nasma aliweka sikio kwenye kifua cha mtoto, akasikiliza, akamwambia mama yake ampeleke zahanati. Yule mwanamke alipotoka alisema barazani, "Leo daktari hana uchangamfu."

Jumanne saa kumi na moja alfajiri waliondoka, yeye, mama, baba mdogo na tabibu Klementi aliyeshika chupa ya maji ya dripu njia nzima. Saa nne na dakika ishirini, kabla ya kufika Nangurukuru, njia panda ya Kilwa, Nasma alifariki. Alikuwa na miaka ishirini na minne, miezi mitano na siku ishirini na sita.

Mmekuja hapa siku arobaini mkituambia Mungu amependa. Mimi ninaamini kadari, nimefundishwa tangu madrasa na sitaiacha. Lakini Mwenyezi Mungu hakulizuia gari la Jumamosi. Hakuitia barua ya rufaa mfukoni. Hakumwambia mama awamalize watatu, wala hakunizuia mimi kumpigia baba. Hayo tuliyafanya kwa mikono yetu na midomo yetu, na si haki tuyafunge kwenye kadari kama uchafu kwenye kanga tupate kuyatupa. Siku ya Kiyama tutaulizwa juu ya mtu aliyelala kwenye mkeka wetu akatuomba siku nne mfululizo.

Wala msiniambie kwamba tulimpenda. Tulimpenda ndiyo. Tulimpenda kama watu wanavyolipenda bomba la maji. Hakuna anayeliuliza bomba kama lina kiu.

Siku ya tatu ya msiba, matanga hayajaondolewa, mtu mmoja alimshika mkono mdogo wetu Somoe, aliye kidato cha pili, akasema mbele yangu, "Mungu hakututupa, tumebakiwa na daktari huyu." Somoe alinitazama. Macho yale nimewahi kuyaona kwa mtu mwingine, akiwa ameshika vikombe vya kahawa. Nilimtoa mkono yule mtu, na kama nilimkosea adabu anisamehe, lakini nitamtoa tena. Somoe si daktari. Anapenda kushona, anapenda mpira wa pete, na hajasema atakuwa nani. Baba na mama wamekubali kwamba hataulizwa, na bahasha yoyote ya dawa itakayoletwa katika nyumba hii itarudi zahanati pamoja na mwenyewe. Mkeka wa Jumamosi hautatandikwa tena. Atakayeona tumemfukuza na aone hivyo. Akiumwa mtu wa nyumba hii, akisema nipelekeni, atapelekwa, hata kama atakuwa profesa.

Marehemu ameacha baba yake, Mzee Issa Suleiman Likungu; mama yake, Bi. Binti Abdulrahmani; kaka yake, Suleiman; dada zake wawili, mimi Mwanahija na Somoe; baba mdogo Abdulatifu na familia yake; na mwalimu Ahmadi Iddi wa Milola, ambaye tungemwita shemeji. Tunamshukuru tabibu Klementi Ignasi, aliyesema kweli akadharauliwa na bado akapanda gari. Tunamshukuru nesi Joyce, aliyekuja kutoka Milola akalala hapa siku tatu na hakuongea.

Maziko yalikuwa hivi. Nilipanda basi kutoka Lindi siku ileile, nikawakuta Nangurukuru wananisubiri, tukarudi pamoja na mwili na kufika hapa magharibi. Jumatano tarehe 10 Septemba asubuhi tulimwosha, mimi, mama na mama wakubwa wawili. Mama alimmiminia maji, mimi nikampitisha mkono. Tulipofika tumboni mama alisimama kidogo, kisha akaendelea. Tulimvika sanda, tukamtia kafuri, mama akambusu kwenye paji la uso, Somoe akambusu, nami nikambusu. Nesi Joyce hakuingia kuosha kwa kuwa si wa dini yetu. Alisimama nje ya mlango ameshika ndoo, na kila ndoo iliyokwisha aliijaza.

Baada ya sala ya adhuhuri jeneza liliwekwa hapa uwanjani, wanaume wakasali mbele, sisi wanawake tukiwa nyuma ya uzio wa makuti. Baada ya sala ya jeneza sheikh aliuliza kama ilivyo desturi, "Ndugu zangu, mnamshuhudiaje marehemu huyu?"

Watu wakajibu, "Mtu mwema."

Akauliza mara ya pili. Wakajibu, "Mtu mwema." Sauti moja ikaongeza, "Daktari wetu."

Akauliza mara ya tatu. Kabla watu hawajajibu, baba, ambaye tangu Jumanne alikuwa hajasema neno, aliinua kichwa. Alisema, "Alikuwa mgonjwa wetu."

Sheikh alisubiri, kisha akasoma Fatiha. Wanaume wakalinyanyua jeneza, baba na Suleiman mbele, baba mdogo na mwalimu Ahmadi nyuma. Tuliwatazama mpaka walipopita mikorosho ya mwisho. Baba, Suleiman na baba mdogo walishuka kaburini wakampokea, wakamlaza ubavu wa kulia, akaelekezwa kibla. Walirudi saa tisa kasoro robo, viatu vimejaa udongo, wakanawa.

Ewe Mola, mlaze Nasma mahali pasipo na mtu wa kumwamsha. Amina.